Sekunde ya Arobaini na Moja

Kazi yangu ni kuhesabu macho.
Ofisini Salala, kiyoyozi kikikohoa,
nafungua jedwali: somo la sita,
"Kiwele Kinapovimba", dakika saba na nusu,
limefunguliwa mara elfu mbili mia tatu na nne.
Wastani wa kutazama: sekunde arobaini na moja.

Mkuu wangu akatia mstari mwekundu.
"Hawasomi hawa. Wanachungulia na kupita."
Nami nikaandika vivyo hivyo, kwa Kiarabu cha ofisi,
neno "udhaifu" mara tatu katika ukurasa mmoja.
Mama yangu, kule Ibra, angenicheka kwa Kiswahili chake:
mwanangu, umepima kisima kwa kamba ya kiatu.

Kharifu ilipoingia nikapanda mlimani,
gari likipapasa njia ndani ya ukungu,
ngamia wakizuka mbele yangu kama deni lililosahauliwa.

Kwa Tufuli binti Musallam
mtandao unakaa mahali pamoja tu:
juu ya pipa lililopinduliwa, nyuma ya zizi,
mkono umeinuliwa
kama wa mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka.

Aliyepanda pipa ni Shafiqul, mkamaji, mtu wa Sileti.
Kiarabu chake hakizidi maneno hamsini,
thelathini ni ya ng'ombe.
Akafungua somo la sita, sauti kazima.
Tukatazama, manyunyu yakitiririka kwenye kioo,
yeye akiyafuta kwa kidole gumba:
nembo ya wizara, bendera,
daktari akisalimia, daktari akisalimia tena,
kisha mkono wake ukashika chuchu
ukakamua michirizi mitatu
juu ya kitambaa cheusi.
Maziwa yakatulia. Ndani yake, vibonge,
vidogo kama chenga za mchele.

Hapo akazima.
"Bando ghali," akasema. "Nimeshaona."

Nikatazama saa ya simu. Arobaini na moja.

Tufuli akanionyesha seng'enge.
Vitambaa vyeusi vimeanikwa, havikauki, kharifu haikaushi kitu;
shela yake moja ya zamani, ameikata kwa mkasi wa manyoya.
Vingine vimeshuka bondeni kwa shemeji zake,
kimoja kimeolewa na binti yake mpaka Mirbati.
"Simu tunayo hii moja," akasema.
"Mazizi ni tisa. Au kumi,
sijui kama yule mjane wa Tawi Atairi anakitumia
au amekifanya kishikio cha sufuria."

Nikatoa fomu. Nikaitafuta safu ya shela.
Kalamu ikateleza, karatasi imelowa.

Ng'ombe mwekundu mfupi akampiga Shafiqul teke,
naye akamtukana kwa Kibengali, kwa upole.

"Na hizo dakika nyingine," Tufuli akauliza,
"sita na ushei, daktari wenu huwa anasema nini?"

Nikafunga kalamu.
Mwaka wa pili huu ninalipima lile somo.
Sijawahi kufika huko.