Herufi ya Mwisho Haisomwi

Karani wa vitambulisho, Tororo, dirisha la pili,
anauliza: Rajoler ni jina la kabila gani?
Nyuma yangu foleni inakohoa.
Namwambia, herufi ya mwisho haisomwi.
Anaisoma.

Jina hili lilishuka kwenye gari moshi na mtu mmoja,
Mkatalani mwenye sikio zito
na sanduku la kalibu za mbao.
Hakuwa padri, ingawa alikula na mapadri.
Alikuja kujenga shule, akakuta udongo
unaoganda jembeni kama deni,
akacheka peke yake, akajipiga kifua:
Rajoler! Rajoler!
Watu wakadhani anasalimia.
Wakaitikia.

Kwao maana yake ni mfyatua matofali.
Niliandika barua parokiani kwake; jibu lilichukua mwaka.
Wanakisia jina lilianza na mtu aliyedaiwa
kodi ya tanuri, enzi za malodi.
Lilikuwa la wachache tangu hapo.
Sasa yamebaki makaburi manne
na kibao cha duka la viatu lililofungwa.
"Tulidhani limekwisha," waliandika.
Nikajibu: huku tuko kumi na saba.

Babu yangu Oketcho hakuwa mwanawe.
Nalisema hili mapema, maana mtaa una midomo.
Alikuwa mkanyaga udongo, tope hadi magotini.
Mzungu alipokufa kwa homa ya mkojo mweusi,
mhasibu wa misheni akafungua daftari la mishahara:
Rajoler, shilingi arobaini na mbili.
Kimya. Mke hana, ndugu hana.
Babu akanyoosha mkono, udongo umemkaukia vidoleni.
"Mimi."

Kumi na mbili zikaenda kwenye mbao za jeneza,
tatu kwa wachimba kaburi.
Zilizobaki alimlipia mahari bibi yangu Nyafwono,
na siku ya ndoa kitabu cha kanisa kikadai jina,
lile lile la kwenye daftari,
kwani mhasibu alikuwa amesimama mlangoni.

Ndiyo historia yote. Haina ngao wala tai wa dhahabu.

"Kabila?" karani anarudia.
Mpadhola, nasema. Jina ni la kazi.
Anagonga vitufe, anageuza kioo nihakiki:
RAJOLA.
Nikafungua mdomo. Nikaufunga.
Babu alinyoosha mkono kwa jina zima lisilo lake;
mimi ni nani nigombee a moja?