Herufi za Mgongoni

Mwezi wa saba, baridi ya Katuba inauma masikio,
vumbi jekundu limeingia hata ndani ya sabuni,
na ligi imekwisha. Tulikuwa wa saba.
Wa saba si aibu, wa saba si sifa,
ni kiti cha nyuma kwenye harusi ya watu.

Karani Mwewa kaniletea karatasi, imekunjwa mara nne
kama cheti cha hospitali.
"Mama Ngosa, hawa wanabaki. Hawa wanakwenda.
Wanaokwenda, fumua majina."
Hakusema pole. Alisema, "Kabla ya Jumatano."

Mimi timu hii naijua kwa migongo.
Nambari tatu hutoka jasho upande mmoja,
kipa hurudi msafi siku tukifungwa (hakuruka),
na nambari nane, Kabulo,
udongo wake ni wa magoti.
Miaka tisa ya magoti.

Ofisini, wanasema, taa iliwaka hadi usiku wa manane
siku ambayo mtaa mzima ulikuwa giza.
Jenereta ikanguruma, chupa zikafunguliwa,
rais wa klabu, yule muuza saruji, akapiga hesabu:
vijana wawili waende Kolwezi,
Kolwezi watupe mshambuliaji mmoja
mwenye miaka ishirini na mitatu,
umri anaousherehekea kwa mwaka wa nne sasa.
Musamba, winga, kwa mkopo Likasi.
Mkopo! Kama sufuria ya jirani,
na sufuria ya jirani tunajua inavyorudi.

Na Kabulo? Kabulo, "mchezaji huru".
Nililisoma neno hilo mara mbili juu ya beseni.
Huru, kama mbuzi aliyekata kamba sokoni:
kila mtu anamtazama,
hakuna anayeuliza bei.

Alikuja Jumanne, saa ya maji.
Hakuuliza habari za jezi. Alichukua ndoo mbili
kama alivyozoea, akaenda bombani,
akarudi akichechemea, akazitua bila kumwaga tone.
Tukazungumza bei ya makala.
Tukazungumza mtoto wake, meno ya mbele yanaota.
Wakala mmoja wa Kasumbalesa amemwahidi
majaribio Zambia, hapo ng'ambo tu,
ila nauli ajitegemee, na goti asilitaje.
"Utalitaja?" nikauliza.
Akacheka. "Litajitaja lenyewe, Mama."

Jezi nambari nane ilikuwa kwenye kamba katikati yetu,
ikidondosha maji.
Tuliongea kwa kuizunguka.

Usiku nikawasha kandili, nikashika wembe.
Nyuzi nilizishona mwenyewe, zinanijua, hazikugoma.
Hapa kwetu herufi hazitupwi: kitambaa cheupe ni ghali
na rais hajalipa hata cha mwaka jana.
Mgeni anayekuja anaitwa Bukasa.
Nikachukua kwa Kabulo B, nikachukua U,
nikachukua K, nikachukua A.
S na A nyingine nikazing'oa kwa Musamba
(mgongo wake sasa unasomeka MUMBA,
jina la shemeji yangu,
mtu asiyeweza kukimbilia hata basi).
Nambari nane yenyewe sikuigusa.
Hakuna aliyeniambia niiguse.

Jina langu halimo kwenye karatasi ile,
si kwa wanaobaki, si kwa wanaokwenda.
Nimeigeuza, nikatafuta hata nyuma.
Nyuma kuna hesabu ya chupa.

Asubuhi hii Bukasa ananing'inia uani,
kifua kimejaa upepo,
na mwenyewe hata tiketi hajakata.
Kiganjani mwangu zimebaki herufi mbili za Kabulo
ambazo hazina mgongo wa kwenda,
L, na O.
Nimezitia kwenye kopo la vifungo.
Lo.