Picha ya Saa Nane Usiku

Kila saa nane usiku mashine ya duka letu la Gerezani
hulipiga picha daftari la mikopo.
Niliipangia mimi, mwaka ule kijana wa stoo
alipolifuta lote kwa kidole cha haraka
na Baba akabaki kuwauliza wadeni wenyewe
wanadaiwa shilingi ngapi.
Wakakuna vichwa. Wakataja pungufu.

Picha ya Jumanne ndiyo ya mwisho yenye mkono wake.
Mstari wa chini kabisa:
Kondo wa Mtoni, breki pedi jozi mbili, atal

Basi. Hapo hapo.
Labda simu iliita. Labda ni kile kifua.
Nikabonyeza *i*, nimsaidie tu kuvuka.
Mashine ikajibu: ya kusoma tu.
Haikukaripia. Karani wa masijala, dirisha limeshafungwa.

Nikazaa nakala nyingine juu yake, inayokubali kalamu.
Ukubwa wake: sifuri.
Zote mbili zilisoma kurasa zilezile,
ndugu wawili, godoro moja,
mpaka mmoja avute shuka.
Nikaandika: atalipa Ijumaa.
Nikaandika: atalipa akipata.
Usiku wa tatu nikaandika: amesamehewa,
na nikalia, maana lilisomeka kama yeye kabisa.
Kila neno lilijitafutia pahali papya pa kulala.
Lile *atal* likabaki lilipo, halina habari.

Mwinshehe kaja na karatasi za mirathi,
shati limemgandia mgongoni, luku imebaki uniti mbili.
"Dada, tugawane kwa ipi?"
Nikamwonyesha ya Jumanne.
"Hii haijaisha."
"Ndiyo. Haijaisha."

Jumamosi, kabla hatujainua shata lote,
Kondo akainama akaingia na betri ya lori begani,
akaitua sakafuni, akashika kiuno.
"Tulipatana na marehemu. Pedi kwa betri.
Nikamwambia nitaleta."

*Ataleta.*
Usiku tatu, na sikuwahi kulijaribu.

Nakala yangu nikaifuta.
Diski ikanirudishia nafasi ya maneno machache,
haba, hata jina la mtu halienei vizuri.
Ya Jumanne sikuigusa, wala haigusiki.
Nikafungua daftari la leo, lililo hai, linalochafuka,
nikaandika kwa mkono wangu, tarehe yangu:
Kondo wa Mtoni, betri moja, kaleta.
Kisha nikamtafutia soda.