Tano na Ishirini

Niliinunua Ruwi kwa riali moja na nusu,
kompyuta ya kiganjani, ya kuhesabia shehena,
imechubuka ubavu, kibandiko cha ghala la Suhar
bado kimeng'ang'ania mgongoni kama plasta.
Shabib muuzaji akanicheka: "Hii hata saa haijui."
Nikamwambia nitaifundisha kusema.

Sasa ni Agosti, Ibra, saa nane za usiku.
Kiyoyozi kinakohoa. Mama amelala chumba cha pili,
mlango wazi, hapendi milango iliyofungwa.
Nina waya mmoja, betri mbili, na lugha
niliyoizoea kwenye mashine kubwa,
lugha inayotaka sebule, ghala na ua,
na hapa pana nafasi ya mkeka.

Kilobaiti mia mbili.
Nikaanza kupunguza
kama msafiri aliyefunguliwa begi mbele ya mizani:
desimali, nje.
Herufi za mapambo, nje.
Maelezo ya makosa, yale marefu ya adabu,
"samahani, hapa nilitarajia mabano",
nikayakata yote, nikaacha alama moja.
Ukikosea itakuuliza tu: ?
Utajijua mwenyewe ulipoteleza.

Kiini chake kinaitwa mkalimani.
Anasoma mstari, anaugeuza, anaukabidhi chuma,
anarudi na jibu. Hana maoni.
Usiku wa tatu akaamka.
Nikamwuliza kumi kujumlisha kumi na tano.
Akajibu: elfu sita na mia nne.

Nilikaa na jibu hilo hadi adhana ya kwanza.
Hesabu ilikuwa sawa.
Ila mashine hii huisoma namba kuanzia mkiani,
nami nilikuwa nimeiandika kuanzia kichwani.
Baiti mbili, zimepishana mlangoni.

Hapo ndipo mkono uliponifa ganzi.

Nina miaka saba. Hospitali ya Ibra, benchi la mbao.
Tumefika kutoka Chake Chake mwaka uliopita,
mama hana Kiarabu zaidi ya kile cha sala,
mimi ninacho cha uwanjani, cha mpira na matusi.
Daktari anammulika jicho la kushoto,
ananiagiza nimwambie arudi baada ya siku
khamsa wa ishrin.
Nikasikia khamsa imetangulia.
Kwetu kubwa ndiyo hutangulia.
Nikamgeukia mama: hamsini na mbili.

Tulirudi siku ya hamsini na mbili, tumevaa nguo za Idi.
Daktari alitazama karatasi, akatazama ukuta.
Alichosema baada ya hapo sikukitafsiri.
Hakikuenea kinywani mwangu.

Miaka arobaini na tatu. Sijawahi kumwambia.

Nimegeuza mpangilio, mistari minne tu ya msimbo.
25, ikasema skrini, kijivu juu ya kijani.
Mama akaingia na birika,
akanikuta nalia mbele ya namba,
akaichukua mashine, akaisogeza kwenye jicho la kulia
mpaka ikakaribia kugusa kope.
"Ishirini na tano," akasoma. "Za nini?"

Nikamwambia. Yote, bila kupunguza.

Akamimina kahawa kwanza. Kisha akasema,
"Yule daktari alinihesabia kwa vidole, baba.
Mikono yote miwili, mara mbili, halafu mmoja.
Nilijua. Hatukuwa na nauli tu."

Tulikuwa tukikaa mtaa wa nyuma ya hospitali.
Tulikwenda kwa miguu,
nikiwa nimeshika ncha ya leso yake,
na jua lilikuwa halijapanda hata kidogo tulipofika.

Kikombe changu kikapoa.
Yeye bado ameishika mashine, anaipapasa vitufe
kwa kidole gumba, ovyo, kama mtu achambuaye mchele,
na kila anapobonyeza
inamwuliza: ?
"Kumbe inasema," akacheka. "Inataka nini?"