Kura ya Jina

Barua ilifika Januari, kutoka kampuni ya mji wa mbali
inayouza kengele za milango.
Ilisema, kwa adabu ya wanaolipwa kwa saa:
jina Reks ni letu, tumelisajili,
mna siku tisini.

Siku tisini! Ziwa Peipsi lenyewe
halina hakika ya siku tisini za kuganda.

Tukakutana maktaba ya Mustvee, watu kumi na sita,
viatu vikivuja theluji mlangoni.
Programu yenyewe haina makuu:
alfajiri mtu hutoboa barafu, hutumbukiza rula,
huandika sentimita ngapi, na wapi,
nayo huchora ramani. Hapa pita. Hapa pita kwa miguu.
Hapa rudi kwa mkeo.
Haijamtoza mtu senti.

Ülle alitaka Karu, yaani dubu.
Tukatafuta: dubu wameshajaa, kumi na saba,
mmoja anahesabu kodi,
mwingine anapanga miadi ya daktari wa meno.
Raivo akaja na kifupisho cha herufi saba,
kila herufi neno, kila neno na maelezo yake.
Jina la kuelezwa, nikasema, ni kama mzaha wa kuelezwa.
Akaninunia mpaka chai ya pili.

Langu nililileta limekunjwa mfukoni:
Jää.
Kwa Kiestonia ni barafu. Tena ndilo neno unalomwambia
mtu aliyekwishavaa koti: baki.
Nililipenda kama mtu ampendavyo mtoto
kabla hajalia.
Anfisa akauliza, bila ubaya:
na hizo nukta nne, mitambo ya ugenini itaziweka wapi?
Zikidondoka, inabaki Jaa.
Nikatazama sakafu, kana kwamba zimeshaanguka.

Ikashinda Tuur, ule mtaimbo wa kupasulia barafu.
Kura nane. Langu saba.
Na karatasi moja tupu;
tulijua ya nani.

Taavet, mwandishi wa mistari ya kwanza,
jioni nzima alikuwa akikoroga chai isiyo na sukari.
Machi ile, miaka sita sasa,
mbwa wake alimtangulia hatua ishirini,
akabweka mara moja, na weupe ukafumba.
Usiku uleule alianza kuandika,
na faili la kwanza akalipa jina
aliloliita mpaka sauti ikakauka.

Wanasema chema chajiuza. Labda.
Lakini chema pia huitwa,
na kilichozoea kuitwa hugeuza shingo kwa jina lilelile.

Kazi ya kubadili nikapewa mimi, mshindwa.
Mahali elfu moja mia moja na kumi na nne.
Futa Reks, andika Tuur. Futa, andika.
Mashine ingemaliza kwa pigo moja;
mimi nilikwenda kwa mkono, siku tatu,
kama anayeng'oa misumari ukutani
asitake kubomoa plasta.

Faili la kwanza, mstari wa tatu,
ule ambao mashine huuruka bila kuusoma,
ulioandikwa kwa macho ya watu tu:
Reks, ngoja.

Nikanywa maji.
Nikaupita.

Leo asubuhi Anfisa kapiga simu,
pikipiki yake ya theluji inanguruma nyuma ya sauti.
Mbwa kasemaje?
Thelathini na moja, nikamjibu.
Pita.