Basi la Bariamu

Basi jeupe limeegeshwa nyuma ya ofisi ya kijiji,
theluji imelifika magurudumuni.
Tumepanga foleni, sote tuliokula chumvi nyingi,
na huku Akita msemo huo si wa mafumbo:
figili za chumvi, samaki wa chumvi, mchuzi wa chumvi,
ndiyo maana basi huja kila Februari
kutuchungulia matumbo.

Kijana wa mitambo, Ryosei, ananipa unga wa povu.
“Meza. Na tafadhali, mzee Sadakichi, usicheue.”
Miaka sabini na moja, leo napigwa marufuku mbweu!
Kisha kikombe cha bariamu,
kizito kama chokaa ya ukutani,
kina ladha ya stroberi ya kusingiziwa.

“Kunywa yote. Geuka kulia. Tena. Kifudifudi. Shika vyuma.”
Kitanda kinainama, kichwa chini, miguu juu,
nami nazungushwa kama donge la unga,
mimi niliyekanda soba miaka arobaini na mitatu
bila kuliuliza donge linajisikiaje.

Na pale, kwenye kioo cha pembeni, naliona:
mfuko uliopinda kama punje ya haragwe,
weupe ukitambaa mikunjoni mwake.
Tumbo langu. Tumeishi nyumba moja maisha yote
na hatujawahi kuonana.

“Uko kichwa chini,” Ryosei asema kwenye kipaza sauti,
“lakini ulichomeza kinakwenda tu.
Umio haungoji mteremko. Unakaza nyuma, unalegeza mbele,
unakaza nyuma, unalegeza mbele.”
Kama Fusae akikamua dawa ya meno hadi tone la mwisho.

Fusae. Mke wangu alikuwa na neno moja mezani:
“Tafuna. Tumbo halina meno.”
Nilimcheka. Soba hufyonzwa kwa kelele,
hupita kooni kama uvumi,
atafunaye ni mgeni.
Yeye alishika wali kinywani, amefumba macho,
hadi mate yaugeuze sukari.
“Umeshakuwa mtamu,” alisema, “na bado sijameza.”

Nauliza: na huko ndani?
Ryosei, mjukuu wa muuza mbao, anapenda kuulizwa.
Tumbo, anasema, hukanda kwa asidi,
asidi ya kula msumari,
na hujipaka ute upya lisijile lenyewe.
Likimaliza hufungua kijilango, hupenyeza kijiko kimoja,
hufunga. Kijiko kingine. Halina pupa.
Halafu ini, ambalo watu wamelibebesha mapenzi,
huleta nyongo, kuvunja mafuta kama sabuni ya sahani;
na kongosho, lisilokumbukwa na mtu mpaka liugue,
huzima ukali ule, humalizia kukata.
Utumbo mwembamba, mita sita,
una vinyweleo kama taulo,
na hapo ndipo tambi inaacha kuwa tambi.
Inavuka ukuta, inaingia damuni.
Inakuwa mimi.

Nimelilisha bonde hili miaka yote hiyo.
Basi nusu ya mikono inayonipungia barabarani
niliikanda mwenyewe.

Fusae hakupanda basi hili.
Miaka mitatu mfululizo alisema: “Kesho kuna wateja.”
Nashuka ngazi,
nacheua kwa mara ya kwanza, kwa sauti,
na foleni nzima inapiga makofi.

Leo asubuhi, baada ya vidonge na birika tatu za maji,
utumbo mpana, ambao hudai kila tone kama bahili,
umeniachilia ulichobakiza: cheupe, kizito, kimezama.
Nimeinama kukitazama bila haya.
Safari nzima, toka stroberi hadi hapa.

Barua ya majibu itakuja baada ya wiki tatu.
Nimewasha jiko. Bakuli la kwanza nimejipakulia,
duka bado limefungwa, hakuna wa kunicheka.
Nimeweka tambi kinywani, nimefumba macho.
Ishirini na sita, ishirini na saba.
Nje mtu anagonga.
Sijameza.