Jalada la Nane

Mimi ni mtunza masjala wa halmashauri, Moshi.
Ofisi yangu ni stoo ya zamani ya kahawa, nyuma ya reli,
tuliyoipanga kwa miezi sita tu
mwaka ule Aminieli wangu alipoota meno.
Aminieli sasa ananyoa ndevu.
Hati za vihamba, barua za walimu,
kesi za watu walioibiana maji ya mfongo,
zote zinanuka buni.

Jengo jipya lina majalada saba.
La kwanza jembamba, kamba yake bado nyeupe:
pongezi, picha ya jiwe la msingi,
stakabadhi ya mbuzi aliyeliwa siku ile.
La pili ni bei ya saruji.
La tatu ni bei ya saruji, imepanda.
Katikati ya la nne kuna barua fupi ya mwisho wa Juni:
fedha hazikutumika, zimerudi Hazina.
Niliigonga muhuri, IMEPOKELEWA,
nikaenda kunywa chai.

Jumamosi wakaita mkutano, ukumbi wa shule,
feni moja inazunguka, ya pili inatazama.
Msanifu, kijana Kibacha, akatundika mchoro:
paa jeupe lenye mikunjo, mfano wa Kibo
ukiutazama asubuhi kutoka Pasua.
"Utambulisho wetu," alisema.
Eliufoo, fundi bati, hakusimama hata.
"Theluji hukaa juu ikatulia.
Mvua ya Aprili haitulii.
Hilo bonde la katikati ya paa,
maji yake umeyaambia yapite wapi?"

Aikande wa ndizi za Kiboriloni akanyoosha mkono:
"Kila mkungu nimetoa ushuru, tangu nguzo ya kwanza.
Nimepiga hesabu usiku, kwa kalamu ya mjukuu.
Nguzo ile ya kona ni yangu.
Nionyesheni tu, nikauzie chini yake."
Diwani akaomba utulivu. Subira, akasema, yavuta heri.
"Na kutu ya nondo," sauti ikatoka nyuma, "huvutwa na nini?"

Wakabishana hadi saa nane.
Huyu akate ghorofa mbili, yule akope benki,
mwingine jengo libadilishwe jina,
jengo ambalo halijapata mlango.
Nikasimama. Mikutano yote hiyo, miaka yote hiyo,
nimeandika maneno ya wengine.
Nikauliza: "Masjala iko wapi?"

Kibacha akainamia mchoro.
Kidole kikapita ukumbi wa madiwani,
ofisi ya mkurugenzi na choo chake,
chumba cha wageni mashuhuri, mgahawa, kibanda cha mlinzi.
Kikarudi kilikotoka.
Kikasita.
"Chini ya ngazi," akasema, "pangeweza kupatikana."
Watu wakacheka. Na mimi, kidogo.

Nikirudi nyumbani nikakatiza kiwanjani.
Ngazi ndiyo kitu pekee kilichokamilika:
inapanda vizuri, kwa heshima,
inakunja kona kama inakwenda mahali,
halafu inaishia hewani.
Wasichana wawili wa sekondari walikaa kidato cha juu
wakisomeana kemia.
Nikainama chini yake, nikapima kwa hatua.
Nne kwa tatu. Pakavu, nakiri.
Pakavu kuliko stoo.
Kwenye mfuko wa saruji iliyoganda, ukiwa umepasuka mdomo,
kuku mwekundu alikuwa ameatamia.
Akanitazama kwa jicho moja
kama karani anayeulizwa jambo dakika za kufunga ofisi.
Mayai sikuyahesabu. Hakuniruhusu.

Jumatatu, kabla hawajafika wenzangu,
nikakata kamba mpya, nikafungua jalada la nane.
Folio ya kwanza nimeiandika mwenyewe,
bila kuagizwa na mtu, kwa wino wa bluu:

Rejea mkutano wa Jumamosi.
Chini ya ngazi pamekaliwa.